Mgeni Katika Kibanja Chake

Annastella Kokugonza hana kamusi. Ana kaunta buku aliyoinunua Bukoba mjini mwaka alioajiriwa kufua mashuka katika hospitali moja ya misheni wilayani Muleba. Humo aliandika kila usemi wa Kiingereza aliousikia kwa madaktari wageni, akiupa ukurasa wake, pamoja na jina la aliyeutamka na jambo lililokuwa likitokea. Baada ya miaka sita alitolewa kwenye mashuka, akawekwa kando ya vitanda kutafsiri. Sasa ana miaka arobaini na sita, na daktari hapiti wodini bila kumwita.

Usemi mmoja tu umejaza kurasa mbili: "take it easy". Dokta Nancy, mpasuaji aliyekuja kwa mwaka mmoja, alimwambia hivyo dereva aliyekuwa akishuka mlima kwa kasi, na Annastella akaandika: punguza mwendo. Alimwambia hivyo msichana aliyelilia sindano: tulia, usiogope. Alimwambia hivyo Annastella mwenyewe, siku alipomfokea shemeji wa mgonjwa aliyeingia wodini amelewa: shusha hasira. Ijumaa jioni, akiondoka, aliwaambia wauguzi wote, na hapo Annastella akaandika: kwaheri, mpumzike. Chini yake alipanga maneno ya Kiingereza yaliyo ndugu zake, "relax", "slow down", "calm down", akaweka alama kuonyesha lipi lakaa wapi.

Kwa hiyo Agosti, Dokta Nancy alipomshona Mzee Rugemalira ngiri na kumwambia "take it easy" kwa wiki sita, Annastella hakusita.

"Mzee, upumzike wiki sita. Usishike jembe, usibebe mkungu."

"Nimesikia," akasema Mzee.

Siku ya tisa baada ya kurudi nyumbani alikata mkungu wa ndizi, akaubeba begani hadi jikoni. Mshono ukaachia. Akaletwa amekunjamana, akapasuliwa tena, na safari hii Dokta Nancy alisema wazi: ikiachia mara ya tatu, hapatakuwa na nyama ya kushonea.

Annastella aliketi kando ya kitanda.

"Mzee, uliambiwa ufanye nini?"

"Nipumzike."

"Ukaelewa nini?"

"Nikaelewa kupumzika! Mimi si mtoto, Annastella."

"Sasa ilikuwaje?"

Mzee akatazama ukutani. "Saa nne asubuhi nimekaa kivulini, mke wangu Verdiana ameinama na jembe. Ildefons jirani yangu akapita njiani. Akasema, 'Hongera, mzee mwenzangu. Umeoa punda.' Wewe ungekaa?"

Annastella alifungua kurasa zake mbili, akasoma kila mstari mpaka chini. Yote yalikuwa sahihi, na hakuna hata moja ambalo lingemzuia Ildefons. Alimfuata Dokta Nancy.

"Neno ninalo, dokta," alimwambia. "Lakini neno halitoshi. Niruhusu nimsindikize nyumbani."

Mapema Oktoba Mzee Rugemalira aliruhusiwa. Gari la hospitali lilipofika kwake, Annastella alishuka kwanza, akanong'ona na Verdiana, kisha akarudi kumshika Mzee mkono. Mzee alipotaka kuingia moja kwa moja, akamzuia mlangoni.

"Subiri ukaribishwe."

"Kwangu?"

Verdiana akatoka amejifunga kitenge kipya, akamsalimu kwa neno la heshima: "Karibu, waitu. Habari za utokako?"

Mzee akacheka huku ameshika tumbo. Lakini mkewe hakucheka. Alimkalisha kwenye kiti cha wageni, akamletea kikapu kidogo chenye kamwani, zile buni za kutafuna ambazo kila mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Akakishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Mimi ni mgeni wa nani?" Mzee akauliza.

"Wa mkeo," akajibu Annastella. "Umekuja kutembea. Utaondoka Novemba, wale panzi wetu, senene, wakianguka."

"Na migomba?"

"Mgeni anashika panga?"

Verdiana akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ukitafuna kahawa yangu kisha uonekane na jembe, watu watasema Verdiana amemlimisha mgeni wake. Hiyo aibu itakuwa yangu, si yako."

Mzee akachukua buni moja, akaigeuza kiganjani. Kisha akaitia mdomoni, akatafuna.

Ildefons alipita siku ya tatu. "Hongera!" alianza. "Bado umekaa?"

"Mimi hapa ni mgeni," akasema Mzee kwa utulivu. "Zungumza na mwenyeji."

Verdiana akainuka katikati ya migomba. "Mwenyeji ana mgeni na hana wa kumkatia mkungu. Au wewe ni jirani wa maneno tu? Ingia!"

Mwanaume hawezi kukataa kumsaidia jirani kulisha mgeni. Ildefons akaingia kibanjani, kati ya migomba, akakata mkungu, akaubeba. Jumamosi iliyofuata Verdiana alimwita tena, akaja akinung'unika. Jumamosi ya tatu hakusubiri kuitwa.

Katikati ya Novemba Mzee Rugemalira alikuja kliniki na pakiti ya senene wa kukaanga mkononi. Dokta Nancy alibonyeza kovu, akamwambia akohoe, akabonyeza tena. Lilikuwa kavu na gumu.

"Ulimwambia nini?" akamuuliza Annastella.

"'Take it easy', dokta. Kama ulivyosema." Na akafungua kaunta buku, akaongeza mstari chini ya ukurasa wa pili: kuwa mgeni kwako.

Mzee alikuwa akifunga vifungo vya shati. "Kwa hiyo ugeni umeisha?"

"Umeisha, Mzee. Anza polepole."

"Vizuri. Basi mnisaidie kumwambia Ildefons. Siku hizi kibanja amekifanya chake; jana amenigombeza, eti sijui kupogoa kahawa yangu."