Herufi Moja Nyuma ya Dirisha

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kukiangalia kisanduku. Tulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Gisenyi, katika shirika dogo lililogawa mbegu na majembe. Kisanduku kilikaa chumba cha redio. Kilikuwa na ukubwa wa Biblia ya familia, hakina kioo, hakina kibodi, hakina diski. Kilipitisha barua kwa mawimbi ya redio kati yetu na wenzetu wa Goma, ng'ambo ya kizuizi cha mpaka wa Kongo.

Diski niliiondoa mwenyewe. Umeme wetu ulikatika kila mara, vumbi la volkano liliingia hadi kwenye droo, na tayari diski mbili zilikuwa zimekufa. Nikasoma, nikapanga upya: kisanduku kikiwashwa, kiulize kupitia waya wa mtandao anwani yake ni ipi na Linux yake, yaani programu ya kukiendesha, iko wapi, na kompyuta kubwa iliyokuwa ofisini kwa mkuu ijibu na kukipelekea kila kitu. Kwa kuwa hakikuwa na kioo, nilichomeka waya mwingine mgongoni mwake hadi kwenye kompyuta ya mkononi ya zamani. Kila kilichosema kilipita pale, herufi nyeupe juu ya weusi. Hata barua zilipoingia zilipita pale, mstari kwa mstari.

Kila kitu kilinitia wasiwasi. Kompyuta kubwa ikizimika ghafla, ingeweza kujikagua na kujitengeneza yenyewe ikiwaka tena. Mimi sikuiamini. Je, ikifuta kitu ninachokihitaji? Nikaiagiza iulize kwanza, isubiri jibu kwenye kibodi, y au n. Nililala vizuri siku ile, na mimi si mtu wa kulala vizuri.

Mama yangu alivuka kila asubuhi na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Nyamyumba, akauza Goma, akarudi kabla kizuizi hakijafungwa jioni. Mchana alipitia ofisi ya wenzetu kule, kwa sababu mpishi wao alikuwa mteja wake.

Siku moja kizuizi kilifungwa mchana. Sababu haikutangazwa. Nilikimbia mpaka pale nikakuta wa mwisho wakivuka, nikatazama kila beseni lililopita. La mama halikuwepo. Nilipomsogelea askari hakunitazama usoni. "Rudi kazini," alisema.

Simu ya kwenda Goma ilikuwa imekatika. Nikarudi chumba cha redio, kwa opereta wetu, mama mtu mzima aliyerudi kutoka Kongo, ambaye ofisi nzima tulimwita tantine, yaani shangazi.

"Tantine, mama amebaki ng'ambo. Tuwaandikie wa Goma."

"Tuandike na nini? Umeme ilikatika, imerudi sasa hivi. Kisanduku yako iko nalia tu."

"Basi uwaite kwa sauti."

"We, unataka banifunge? Siku ya namna hii ni barua tu, sauti hapana."

Kwenye kioo cha kompyuta ya mkononi mstari mmoja ulikuwa ukijirudia. Kisanduku kiliuliza anwani yake, kikangoja, kikauliza tena. Nikaanza kufikiri, na nikianza huwa simalizi haraka. Labda waya wa mtandao umekatika ndani ya ukuta. Labda pini ya ule waya wa mgongoni, niliyoiunga kwa risasi ya kulehemu, imeachia. Lakini pini ikiachia nisingeona hata haya maneno. Nilichomoa, nikachomeka, nikachomoa tena. Tantine alinitazama, mikono kifuani.

"Bon. Na ile kubwa, umeiangalia?"

Sikuwa nimeiangalia. Mlango wa mkuu ulikuwa umefungwa. Mwenyewe alikwenda Mahoko asubuhi na fungu lake la funguo, za ofisi na za jenereta pamoja, na barabara ile nayo sasa ilikuwa imefungwa. Tulizunguka nyuma, kwenye dirisha lenye nondo. Vioo vilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani, kwenye meza ya ukuta wa pili, kompyuta kubwa ilikuwa imewaka na imesimama, na chini kabisa ya kioo chake kulikuwa na swali.

"Inauliza nini?" tantine akauliza.

"Inauliza kama ijitengeneze."

"Donc nani atajibu?"

"Mimi."

"Na we iko huku inje." Akacheka kwa sauti, halafu akamkumbuka mama, akageuka.

Alikwenda akarudi na mwanzi mrefu aliokuwa akiinulia waya wa antena. Tukafunga penseli kwenye ncha, nikaupitisha kati ya nondo, ukafika juu ya kibodi ukitetemeka. Hapo nikasimama. Herufi n ilikuwa mistari miwili tu chini ya y. Na hata nikiipata y, je, kitakachofutwa kikiwa ile Linux ya kisanduku? Basi hata mkuu akirudi na funguo haitasaidia kitu.

"Mungu wangu, huyu mutoto anafikiri kama mutu anachagua bibi! Finya!"

Niligusa t, hakikutokea kitu. Nikagusa u. Kisha y. Likaja swali jingine. Y tena. Yakaja mengine, na kila moja nililijibu nikiwa sijui ninakubali nini. Mwishowe maswali yakaisha, na maandishi yakaanza kukimbia kuelekea juu.

Tulirudi mbio chumba cha redio. Kisanduku kilikuwa kimejibiwa, kinapokea vitu vyake. Tantine akaandika kwenye kompyuta ya mkononi: mama wa sambaza iko kwenu? Mutoto yake anauliza. Barua ikaondoka, tukangoja. Kwanza ziliingia zilizokuwa mbele kwenye foleni: magunia ya mbegu za maharagwe, tairi la gari, salamu za mhasibu. Nilizisoma zote kana kwamba mama angeweza kuwa ndani ya tairi. Ndipo ikaja:

MAMA WA SAMBAZA IKO HAPA. IKO MUZIMA. ANASEMA

Umeme ukakatika. Kompyuta ya mkononi, kwa kuwa ilikuwa na betri, ikabaki imewaka na mstari ule ule.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Iko muzima. Soma hapo."

"Lakini anasema nini?"

"Yewe! Kuna bengine leo hawana hata hilo neno moja."

Alisema kweli. Mwanzi tuliuacha dirishani, lakini umeme haukurudi jioni ile. Nilikwenda nyumbani, nikakaa kibarazani nikiimalizia ile sentensi. Anasema nisijaribu kuvuka. Anasema nimwendee. Anasema nikope kwa jirani. Mvua ilianza, nikaiangalia ikinyesha.

Kizuizi kilipofunguliwa mama alikuja nyumbani na beseni tupu kichwani. Nilimuuliza kabla hata hajaliteremsha. Akafikiri.

"Sikumbuki, mwanangu. Kule baliniuliza mambo mingi."

Kisha akatazama nyuma yangu, kwenye kamba aliyoianikia nguo asubuhi ile alipovuka.

"Na hii nguo, inanyeshewa tangu lini?"