Maji ya Macho ya Atupele

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu milimani juu ya Tukuyu, maji yaliyooshea macho ya mgonjwa hayakumwagwa uani. Yalipelekwa njia panda alfajiri, kabla watu hawajaanza kupita, na wa kwanza kuyakanyaga aliondoka na ugonjwa. Mgonjwa alipona, mpita njia akaugua, na hakuna aliyemlaumu mwenzake kwa sababu hakuna aliyemjua mwenzake. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa mwimbaji kanisani na hakukosa ibada hata mvua inyeshe vipi, lakini maji ya macho aliyapeleka njia panda kama wengine. Aliomba kwanza, kisha akamwaga. Sikuwahi kuona mambo hayo mawili yakigombana ndani yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi nililelewa naye, kwa kuwa baba na mama walikuwa Mbeya mjini, baba akifanya useremala, na desturi yetu ilikuwa mtoto wa kwanza apelekwe kwa bibi mara anapoachishwa ziwa. Kwa hiyo ile nyumba ya mianzi, migomba iliyoizunguka, moto wa jikoni na Bibi mwenyewe, vyote nilivihesabu kuwa vyangu. Nililala ubavuni mwake. Ndizi ya kwanza kutoka majivuni ilikuwa yangu, na haikunijia akilini kwamba ingeweza kuwa ya mtu mwingine.

Ndipo akaja Atupele.

Alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, aliyekuwa akichimba dhahabu Chunya. Mama yake alikuwa amefariki, na baba mdogo akamleta juu ya lori la mizigo, akamkabidhi kwa Bibi, akarudi zake machimboni. Tulikuwa rika moja. Alikuja na gauni moja, vumbi la Chunya kwenye nywele, na macho mabaya. Kope zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu, kingo zake zina magamba meupe kama pumba, na usiku matongo yalizigandisha hata asubuhi akawa hawezi kufumbua. Aliamka akipapasa ukuta.

"Bibi, sioni."

"Nakuja, mwana. Usifikiche macho, itavimba zaidi."

Hata hicho Kiswahili kiliniuma. Bibi alijua Kinyakyusa chake na Kiswahili kidogo cha kanisani, basi. Lakini Atupele alikulia machimboni, kwenye watu wa kila kabila, na Kinyakyusa alikuwa hakiwezi. Kwa ajili yake Bibi akaanza kukitafuna Kiswahili kutwa nzima, anakosea, anacheka, wanacheka wote wawili. Mimi nilikaa pembeni nikiwaangalia kama mgeni aliyekosa wa kumkaribisha.

Kuoshwa kwenyewe kulikuwa hivi. Mimi nilitumwa kisimani, mimi nikapuliza moto. Bibi alichemsha maji, akatia chumvi ya kubana kwa vidole, akayaacha mpaka yawe vuguvugu, akiyajaribu kwa ngozi ya ndani ya mkono. Kisha alikaa kwenye kigoda, akamlaza Atupele kichwa kwenye mapaja yake, akaweka kitambaa chenye joto juu ya macho yaliyofumbwa. Kikipoa, alikichovya tena. Magamba yakishalainika, alifuta taratibu kuanzia puani kwenda nje, kila mfuto kwa pembe nyingine ya kitambaa, na jicho la pili lilikuwa na kitambaa chake. Baadaye vitambaa vilichemshwa na kuanikwa juani, pasipofikiwa na kuku.

Vitambaa hivyo alivichana kutoka kwenye shuka jeupe aliloniahidi kunishonea gauni la Krismasi. Nilimkumbusha.

"Gauni litangoja," aliniambia kwa Kinyakyusa. "Macho hayangoji."

Nasema wazi kwamba nilimwonea wivu Atupele mpaka nikawa sishibi. Sikumwonea wivu kwa uzuri, maana hakuwa nao wakati ule, wala kwa mali. Niliuonea wivu ule mkono uliokuwa ukipita usoni mwake asubuhi na jioni, bila haraka, wa mwanamke ambaye kwa kazi nyingine zote alikuwa na haraka. Mimi niliogeshwa kwa kusuguliwa na kusukumwa. Kwa kuwa nilikuwa mzima, sikuwa na cha kuufanya mkono ule ukawie kwangu.

Basi nikaamua kuugua. Asubuhi moja Bibi alipotoka na beseni, nilimfuata kwa mbali kati ya migomba. Ukungu ulikuwa mzito. Nilimwona akisimama penye njia panda, ile inayogawanya njia ya sokoni na njia ya mtoni, akainamisha kichwa kuomba, akamwaga. Alipogeuka kurudi nilijificha, kisha nikakimbia mpaka pale. Nikalikanyaga tope lile kwa miguu yote miwili, nikarukaruka juu yake, na kwa kuhofia kwamba miguu haitoshi, nikachovya kidole nikajipaka kwenye kope.

Sikumbuki ilichukua muda gani. Nakumbuka tu asubuhi niliyoamka nikajaribu kufumbua macho yakakataa, na furaha niliyoipata. Yaliwasha kama yametiwa pilipili, nikalala pale kitandani nikitabasamu. Leo nikiwa mtu mzima najua kwamba mimi na Atupele tulijifunika shuka moja na kujifutia uso kwa khanga moja, na kwamba tope huenda halikuhitajika. Lakini siku hiyo niliamini kwamba nimekwenda kuuchukua ugonjwa mwenyewe, kwa miguu yangu, na kwamba ni haki yangu.

"Bibi, na mimi sioni," niliita.

Nilisikia akija, nikasikia magoti yake yakilia alipochuchumaa. Kidole chake kilinigusa shavu. Kama ningenyamaza pale, mambo yangekwenda nilivyotaka. Lakini nilitaka ajue kwamba ugonjwa huu ni ule ule wa Atupele, si mwingine wa bei rahisi, na kwamba nastahili kigoda kile kile na maji yale yale.

"Nimekanyaga maji yako njia panda," nilisema. "Ni mimi wa kwanza."

Kidole kiliondoka shavuni.

Jambo ambalo sikulijua, na kila mtu mzima kijijini alilijua, ni kwamba mkono uliomwaga hautakiwi kumwosha aliyekanyaga. Ukimwosha, ugonjwa unaufuata mkono ule nyumbani na kumrudia mgonjwa wa kwanza. Watu hawakupata shida na hilo, kwa kuwa aliyekanyaga alikuwa siku zote mtu baki. Hakuna bibi aliyewahi kufuatwa njia panda na mjukuu wake mwenyewe.

Nilisikia moto, na mvua nyembamba juu ya majani ya migomba. Kisha Bibi akaniambia kwa Kinyakyusa, lugha yetu sisi wawili, kwamba hawezi kuniosha. Macho ya Atupele ndiyo kwanza yameanza kufunguka. Nilimwambia kwamba mimi ndiye wa kwanza kuja kwake, mimi ndiye mtoto wa nyumba hii.

"Ndiyo maana," alijibu.

Nililia, na machozi juu ya kope zilizovimba yana moto wake. Sikulia kwa maumivu. Bibi alikuwa ametuweka sisi wawili kwenye mizani, na alikuwa amechagua.

Aliyeniosha ni Atupele. Mgonjwa wa kwanza akishapona, au akiwa njiani kupona, ugonjwa haumrudii hata akimwosha aliyekanyaga. Unarudi kwa kupitia mkono uliomwaga tu. Ndivyo walivyoamini. Basi yeye ndiye aliyekaa kwenye kigoda, mimi nikalaza kichwa kwenye mapaja yake membamba yenye mifupa, na Bibi akakaa ng'ambo ya moto akiwa ameificha mikono ndani ya kitenge, akitoa maagizo.

"Jaribu maji kwanza. Hapo ndani ya mkono."

"Sio moto, Bibi."

"Haya. Anza puani. Polepole, hiyo si sufuria."

Nilitamani anichokonoe jicho nipate la kumsema. Hakunichokonoa. Alikuwa ameoshwa hivyo mara nyingi hata akaujua mfuto wenyewe kwa ngozi yake, uzito wa kidole na pale kinaposita kwenye kona. Nikifumba macho ulikuwa mkono wa Bibi, lakini sauti ya Bibi ilitoka ng'ambo ya moto. Nilipona kwa mkono huo, na sikumshukuru.

Tulikua. Atupele akaolewa Iringa, mimi nikaolewa Mbeya, Ilomba, na Bibi alipozeeka nilimchukua kwangu. Uzeeni kope zake zilianza kuvimba na kutoa magamba, na kila asubuhi nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikajaribu joto kwa ngozi ya ndani ya mkono. Nilimwosha miaka yote iliyobaki. Atupele alikuja Krismasi na kilo mbili za sukari, akakaa siku chache, akaondoka. Sisemi kwa ubaya; alikuwa na watoto na shamba.

Asubuhi moja, karibu na mwisho wake, nilikuwa nimemaliza jicho la kulia. Bibi akaushika mkono wangu, macho yamefumbwa, akaupapasa kuanzia kiganjani hadi kwenye vidole. Akatabasamu. Alishukuru kwa Kinyakyusa, kisha akaendelea kwa kile Kiswahili chake kibovu ambacho alikuwa hajawahi kukitumia nami hata siku moja.

"Ndaga, Atupele. Mkono yako naijua."

Maji yalikuwa yanapoa. Ningeweza kusema jina langu.

"Ee, Bibi," nilisema. "Tulia, bado hili la kushoto."

Leo naelewa kwamba siku ile Bibi alimchagua asiye na mwingine, na kwamba mimi aliniacha kwa sababu alikuwa na uhakika nami. Naelewa vizuri kabisa, na wivu uko pale pale. Atupele yu hai, tunasalimiana kwa simu karibu kila Jumapili. Huniuliza mara kwa mara kama Bibi aliwahi kumtaja mwishoni. Namwambia alikuwa hasemi sana.