Kichuma Nilichokiacha Nyumbani

Nakumbuka siku niliyopanda lori kutoka ufukweni, upande wa Mbamba Bay, kwenda Mbinga, nimefunga vichuma vitano kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo. Mjukuu wangu, usicheke. Kila kimoja hakikuzidi punje ya muhindi, lakini mlima mzima nilishika lile pindo kwa mikono yote miwili, maana niliona bila vile vichuma sina baba.

Ngoja nikueleze vizuri. Baba yangu alikuwa mvuvi, ila ujana wake aliumalizia migodini huko kusini, na kitu cha maana alichorudi nacho kilikuwa gitaa la umeme. Umeme wenyewe kijijini kwetu ulikuwa wapi! Alilichomeka kwenye redio ya betri, likalia hivyo hivyo, na harusi za ufukwe wote zikachezwa kwa gitaa lile. Nyuzi za dukani hazikupatikana, kwa hiyo akawa anafumua waya wa breki za baiskeli na kufunga huo. Sasa waya wa breki hauna huruma. Chini ya gitaa pale kuna vichuma, kila uzi unalalia chake, na ule waya ukavila taratibu, ukavichimba mifereji, mpaka nyuzi zikashuka zikawa zinagonga shingo. Gitaa halikulia tena, likawa linakwaruza tu.

Lingekuwa ni gitaa peke yake ningeliacha ukutani. Lakini macho ya baba yalikuwa yameshamwishia. Ziwani haendi, nyavu hashoni, lile gitaa ndilo lililokuwa limebaki. Liliponyamaza, baba akawa mtu mwingine. Chai ikiwa ya moto, kosa; ikipoa kidogo, kosa. Nikifagia namtia vumbi, nisipofagia mimi mvivu. Mama alikuwa ameshafariki, ndugu zangu wana miji yao mbali, nikabaki mimi na ule mdomo. Nilichoka, mwanangu, nakwambia ukweli. Tulishakubaliana na shangazi yangu wa Songea kwamba nikakae kwake, baba aangaliwe na jirani. Vile vichuma vilikuwa jaribio langu la mwisho: vikipona na baba akarudi, nabaki. Visipopona, naondoka.

Basi nikafika kwa Fundi Ndunguru, Mmatengo wa Maguu aliyekuwa na karakana pale mjini. Kazi yake ilikuwa kuchonga vipuri vya mashine za kumenyea kahawa. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kifurushi cha usipa, dagaa wa kwetu ziwani, ndipo nikafungua pindo.

Akavimimina kiganjani akaangua kicheko. "Binti, hivi ni vidogo kuliko usipa wako! Vya nini?"

Nikamweleza, na baba yangu nikamweleza, na macho yake. Kicheko kikaisha. Akapeleka kimoja mlangoni kwenye mwanga, akakigeuza. "Gitaa nijualo mimi lina nyuzi sita," akasema. "Hapa naona vitano."

"Cha sita ni kizima, fundi. Hakina hata mkwaruzo. Nimekiacha nyumbani."

"Umekiacha kwa nini?"

"Si mgonjwa ndiye anayepelekwa hospitali?"

Wee! Nilijiona nimejibu. Fundi akanivutia kigoda, akanimiminia kahawa, akaanza kusema polepole, na mimi huwa sipendi mtu akisema polepole, ndiyo mwanzo wa kugombezwa.

"Mkulima akiniletea jino la mashine lililosagika, namrudisha akalete na zima. Hawapendi, wananuna kama unavyotaka kununa wewe. Hivi vyako vimelika, tena kila kimoja kimelika kivyake. Nikipima hapa nitakuchongea ugonjwa ule ule, ila unang'aa. Kalete kizima, mwanangu. Hicho ndicho kitakachoniambia wenzake walikuwaje kabla hawajaumia."

Nikashuka mlima nimenuna kwelikweli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini kuinama safari mbili za lori! Nilikuwa nimeshaanza kumhesabu shangazi kuwa ndiye mwenyeji wangu.

Nikamkuta baba amekaa kizingitini. Nikamwambia kwamba fundi anakitaka na kile kizima, nikasimama kusubiri matusi. Hayakuja.

"Nipe gitaa," akasema.

Akalilaza mapajani. Vidole vyake vikapita juu ya lile gitaa mpaka vikakifikia, akalegeza skrubu kwa ncha ya kisu, hakuona kitu na hakukosea. Kichuma kikatoka. Akakifumbata, hakunipa.

"Unajua kwa nini hiki hakikulika?"

"Najua hakifungwi uzi, baba, ila sababu siijui."

"Leta mkono. Huo wa kulia."

Nikampa. Akatafuta kidole cha shahada, akapapasa kovu langu, hili hapa, bado lipo. Nilikuwa nalo tangu kupata akili, na siku zote nilidhani ni la ndoana.

"Ulikuwa ndiyo kwanza unasimama dede," akasema. "Nimeegemeza gitaa ukutani, ukaja ukauvuta uzi mwembamba, ukakupasua kidole. Ulilia mpaka ukalala mgongoni kwa mama yako. Nikaung'oa ule uzi siku ile ile. Tangu hapo napiga na tano."

"Lakini nilikua, baba. Mbona hukuurudisha?"

"Kila nikitaka kuufunga, nakusikia unalia."

Mwanangu, harusi zote zile! Watu wa Mbamba Bay walikuwa wakimtania kwamba gitaa lake lina pengo, naye anacheka, anaendelea kupiga. Hakuwahi kusema pengo lile ni mimi. Nikakaa pale chini kizingitini, nikaweka kichwa gotini kwake, nikalia. Akanisugua mgongo kwa mkono uliokuwa na kisu, nikamwambia, "Baba, kisu," akasema, "Aa, samahani." Tukacheka wote wawili, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo tulicheka lini.

Nikapanda tena. Fundi Ndunguru akakipokea kile kizima, akakipima huku na huku, akachonga vitano vya shaba, vya mwisho mwisho akavimalizia kwa tupa ndogo na pumzi kaizuia. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Alinirudishia na kizima pia, akasema, "Hiki mpe heshima yake."

Baba alivifunga mwenyewe vyote. Akafunga waya wa kwanza mpaka wa tano, halafu akanyoosha mkono hewani.

"Umebaki mwingine?"

"Upo, mwembamba."

"Lete. Umekua sasa."

Akapiga. Sitakudanganya kwamba alibadilika siku hiyo. Kesho yake chai ilikuwa na kosa lake kama kawaida. Ila nilimwachia agombe, nikamkorogea nyingine. Songea sikwenda. Nilikaa naye mpaka Mungu alipomchukua, na jioni nyingi alinipigia nyuzi sita.

Sasa sikia, maana nimekuona wiki hii unavyomjibu baba yako, na mama yako ameniambia unataka kuhama. Hama ukitaka, umri unaruhusu. Lakini usihame na kipimo kibaya. Mzazi analika, mwanangu. Analiwa na kazi, na madeni ya dunia, na ninyi wenyewe mnamla kila mkimvuta. Ukimshika pale alipolika ukasema huyu ndiye baba, umechonga kitu ambacho hakikuwapo. Tafuta mahali palipobaki pazima. Muulize mama yako, waulize waliomjua akiwa kijana, mpe kigoda na kahawa umuulize mwenyewe. Jungu kuu halikosi ukoko. Na ukikuta pazima, angalia vizuri: huenda pamebaki pazima kwa sababu yako.

Mimi nami siku hizi nalika, msidhani sijui. Najua mnavyokonyezana nikisema uji hauna chumvi. Semeni tu. Lakini ng'ombe hazeeki maini, na kwangu pia kuna kichuma ambacho hamjakipima bado.

Haya, sogea hapa. Leta mkono, huo wa kulia. Mungu wa baba yangu akutangulie utakakokwenda. Akupe kazi ya mikono na watu wa kula nao matunda yake. Akuoneshe uzima wa wazazi wako wangali hai, na siku utakapolika wewe, akupe mtoto atakayerudi mlima mzima kukifuata kizima chako.