Nimepotea Kidogo

Mama yangu amekwenda Istanbul mara nyingi kuliko alivyokwenda Bagamoyo, na mpaka mwaka jana ukimuuliza mji huo ukoje, angekwambia kuna baridi, chai yao haina maziwa, na wenye maghala hawapunguzi bei mpaka ujifanye unaondoka. Basi. Ukimuuliza Guangzhou, angekwambia lifti nyingi. Dubai, joto. Sisi wauza mapazia wa Kariakoo tumeizunguka dunia kwa mtindo huo: unashuka uwanja wa ndege, unaingia ghalani, unafunga mzigo, unarudi nyumbani miguu imevimba. Watalii wanakwenda Istanbul kuona misikiti na majumba ya masultani. Mama alikwenda kuona shela za dirishani, za maua na zisizo na maua.

Fremu yetu iko kwenye korido ya chini ya jengo moja karibu na Mtaa wa Kongo. Mbele yetu, hatua chache tu, ni fremu ya mzee mmoja wa asili ya Kiarabu anayeuza mazulia. Ukutani hutundika yale ya picha ambayo watu hununua kupamba sebule: Kaaba, mnara wa Paris, daraja la London, na ule msikiti wa Istanbul ambao watalii wanauita Msikiti wa Bluu, kuba juu ya kuba, zote za zambarau. Huo wa Istanbul ndio uliotazamana na viti vyetu. Wateja wakikosekana tunautazama. Mzee akiuuza, kesho yake anatundika mwingine kama huohuo. Kwa hiyo naweza kusema kwamba mimi na mama tumekaa mbele ya msikiti huo maisha yetu yote ya biashara.

Tangu mfungo uliopita nilikuwa na wasiwasi na mama. Funguo za fremu nilizikuta ndani ya friji, juu ya mchicha. Mteja wetu wa siku nyingi kutoka Mtwara aliitwa kwa jina la mteja mwingine, ambaye ni marehemu. Siku moja mama alitoka kwenda kuswali adhuhuri msikiti wa jirani, akarudi alasiri imeshaadhiniwa, na nilipomuuliza akasema watu walikuwa wengi. Ilikuwa Jumanne. Jumanne watu hawawi wengi, na hata wangekuwa wengi, swala haichukui mchana mzima. Nikamwangalia, naye akaanza kunigombeza kuhusu vumbi kwenye vishungi vya mapazia. Nikafuta vumbi.

Kaka yangu anafanya kazi ya kutoa makontena bandarini, na yeye hajui kunyamaza. Safari ya mama ya Istanbul ilipokaribia alikuja dukani akasema, "Bimkubwa asisafiri tena. Ataenda huyu."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. "Huyu? Huyu akipanda lifti anashika ukuta."

Ni kweli, nashika ukuta. Ndege sijawahi kupanda na pasipoti sikuwa nayo. Mama akaondoka na jirani yetu muuza mashuka, mwanamke wa umri wangu, mwepesi wa mdomo na wa miguu. Nikamwambia pembeni, "Dada yangu, usimwache mama." Akasema, "Nimwache niende wapi?"

Siku aliyonitia hofu ilikuwa Alhamisi, mama yuko Istanbul. Saa zao na saa zetu ni zilezile, na kwangu hilo lilikuwa balaa, maana sikuweza kujidanganya kwamba labda kule ni usiku amelala. Asubuhi alinipigia akasema anamalizia shela, mchana atakuwa hotelini. Mchana nikapiga, hakushika. Nikapiga tena. Nikahudumia mteja, nikapiga, nikala wali wangu bila kuusikia ladha, nikapiga. Hatimaye ikaingia meseji: *Nimepotea kidogo. Chaji inaisha.*

Nikajibu upesi, ujumbe haukumfikia. Tiki moja. Nikapiga, simu haipatikani.

Nikampigia jirani. "Mama yuko wapi?"

"Si yuko hotelini? Tumeachana asubuhi kule ofisi ya kago tunakofungia mizigo, akasema anajua njia."

"Unamwachaje?"

"Kwani mama yako mtoto?"

Ningemjibu, ningelazimika kusema kitu ambacho sikuwa nimekisema hata peke yangu. Nikamwambia tu, "Amepotea. Mtafute." Sauti yake ikabadilika, akasema anatoka sasa hivi.

Kariakoo huwezi kuhangaika kimyakimya. Kabla sijakaa vizuri korido nzima ilikuwa imejaa mlangoni kwangu, na kila aliyewahi kufika Istanbul alikuwa na la kusema. Mmoja akasema mwambie arudi pale penye mashine ya kutolea pesa. Mwingine akasema kuna duka la viatu kwenye kona, hapo akate kulia. "Istanbul nzima maduka ya viatu yako kwenye kona," akadakwa. Wakaanza kubishana. Nilikuwa nawasikiliza hasira ikinipanda, maana hapo ndipo nilipogundua kwamba watu hawa wanaokwenda mji ule mwaka hadi mwaka, wote kwa pamoja, wanajua mitaa mitatu, na yote mitatu ni ya maghala. Nje ya hapo ni giza kwao kama lilivyo kwangu nisiyewahi kupanda ndege.

"Kuuliza si ujinga," mmoja akanifariji. "Atauliza, ataelekezwa."

"Atauliza kwa lugha gani?" nikamrukia. Kituruki cha mama ni namba, na neno la kusema ghali.

Mzee wa mazulia akaivuka korido. Alikuja na ule msikiti wake mikononi, ameung'oa ukutani, akautandaza juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, juu ya mkasi na kila kitu.

"Binti yangu, mji wa watu hauelekezwi kwa kona. Mwambie asimame kwenye kitu kikubwa. Huu. Huu kila mtu anaujua. Una minara," akahesabu kwa kidole, "mitano."

"Sita, mzee," mtu akasema. "Wa sita umeliwa na pindo."

Watu wakacheka, na mimi nikataka kuwafukuza wote. Lakini maneno ya mzee yalinishika, kwa sababu hayakuwa mapya. Nilipokuwa mdogo, mama alipokuwa bado anauza vitambaa chini pale nje ya soko, kila siku kabla hajaniachia mkono alinishika mashavu akaniambia: ukipotea, usizunguke. Simama mbele ya kitu kikubwa, mimi nitakuja. Nilipotea mara moja, Sikukuu imekaribia, watu hawapitiki. Nikasimama kulitazama jengo la soko, lile paa lake la miavuli ya zege, nikalia huku nimesimama palepale. Mwanamke mmoja alitaka kunipeleka msikitini ili nikatangazwe kwenye kipaza sauti, nikagoma, nikamng'ata mkono. Na mama akaja.

Nikaandika: *Mama simama kwenye kitu kikubwa.* Tiki moja.

Yaliyofuata sitaki hata kuyakumbuka. Alikuja mteja kutoka Songea anataka pazia la kahawia, nikalikata fupi, nikalazimika kukata jingine. Kaka akapiga simu. Hakusema "nilikuambia", lakini nilimsikia anavyovuta pumzi. Jirani akapiga: hotelini hayupo, kwenye maghala hayupo. Akilini nilimwona mama amesimama barabarani na kibegi chake kifuani, anawasemesha Kiswahili watu wa makoti, nao wanampita. Nilimwona anaingia gari asilolijua. Nilimwona akiulizwa jina lake, anafikiri. Hilo la mwisho liliponijia, nikakaa chini kati ya majora ya vitambaa ambapo hakuna aliyeniona.

Magharibi ilikuwa inakaribia, watu wameanza kuteremsha milango, simu ikalia. Namba ya jirani. Nikaiweka sauti kubwa bila kujua kwa nini.

"Nyie mbona mnapiga simu kama kuna msiba?" Alikuwa mama.

"Mama! Uko wapi?"

"Hotelini. Huyu shoga yako ananikumbatia huku analia, ana nini?"

"Si umesema umepotea!"

Akalirudia neno hilo polepole. Halafu akacheka. "Ah, jamani! Si ulinitafuta hukunipata? Mtu akikutafuta asikupate unamwambiaje? Nimepotea kidogo, nipo. Kwani Bongo hatusemi hivyo?"

Korido nzima ikapasuka kwa kicheko. Ni kweli tunasema hivyo. Mtu usipomwona wiki mbili unamwambia umepotea sana wewe, naye anakujibu nimepotea kidogo, mambo mengi. Hakuna anayemwitia polisi. Watu wakapigana mabega. Mzee wa mazulia akasogea kwenye simu.

"Sasa ulikuwa wapi mama, mchana kutwa?"

"Shikamoo mzee. Nilikuwa kwenye msikiti wako."

"Marahaba! Wangu?"

"Wako. Nimekaa mbele yake kwenye benchi nikala hindi la kuchoma. Miaka yote hii nakuja huku nisiuone? Tembea uone. Ila wewe mzee mwizi, msikiti una minara sita, wewe unatuuzia mitano."

Nilicheka na wenzangu mpaka mbavu zikauma. Wakaondoka, nikateremsha mlango nusu, nikalia kwa raha. Kaka nilipompigia naye alicheka. Wiki nzima korido haikuwa na habari nyingine, na mama aliporudi alipokelewa kwa kelele, kila mtu akimwuliza kama amepotea.

Lakini mimi nina tabia mbaya, sina raha nikipewa raha. Kitu kilinikera na sikujua ni kipi. Nilikuwa nafagia, nakifikiria. Nilikuwa nakata shela, nakifikiria. Siku ya mvua, hakuna mteja, mzee kajikunyata ndani kwake, tumekaa tunakunja mapazia, mama ncha hii na mimi ncha ile, nikasikia mdomo wangu unauliza.

"Mama, alasiri siku ile uliswali wapi?"

Mikono yake ikasimama.

"Niliilipa hotelini."

"Na msikiti ulikuwa mbele yako."

"Ulikuwa mbele yangu."

Mama yangu haachi swala impite. Amewahi kuswali ndani ya ghala la Guangzhou juu ya maboksi. Nikangoja aniambie kulikuwa na foleni ya watalii, au hakuwa na udhu, chochote, nikubali yaishe. Akaendelea kukunja, akafika karibu yangu, ncha yake ikakutana na yangu.

"Ningeingia ndani," akasema, "ungenionaje?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikalikumbuka jengo la soko, nikaelewa, nikashika meza.

Akanieleza kwa sauti ndogo, macho kwenye kitambaa. Alitoka kwenye ghala la shela akakuta barabara hazimjui. Jina la hoteli likamtoka kichwani kama halijawahi kuwemo. Akatembea. Alipoandika ile meseji hakuwa anatania wala kusalimia, alikuwa ananiambia. Simu ikazima mkononi. Akatembea tena mpaka akaona minara juu ya miti, na katika mji ule wote hicho ndicho kitu pekee alichokijua sura.

"Nikasema, huu naujua. Huu uko mbele ya duka letu. Nikageuka nyuma nikutazame, wewe na viti vyetu." Alinyoosha pindo kwa kidole gumba. "Nikakuta bustani."

Mvua ilikuwa inapiga bati mahali fulani juu. Nilitaka kumwambia anyamaze.

"Basi nikakaa palepale. Nikasema, atakuja. Sikuwa najua nani atakuja, ila nikajua nisizunguke. Njaa ikaniuma, nikafungua pochi ninunue hindi, ndipo nikakuta kadi ya hoteli. Nikampa dereva wa teksi. Hotelini nikaona meseji zenu kwenye simu ya huyu jirani, mtoto wa watu, nikaona nimewatia kiwewe, kisha nikalisikia lile neno lako, umepotea. Nikalishika." Akacheka kidogo. "Kiswahili kizuri, kinamsitiri mtu."

Nikamuuliza kama aliogopa. Akasema aliogopa sana, halafu akasema pale alipokaa palikuwa pazuri, wallahi, kuba zile ukiziona kwa macho si zambarau kabisa, ni kama jivu, na njiwa wamejaa. Ng'ambo kulikuwa na msikiti mwingine mkubwa, Aya Sofia, wenye minara minne. Huo hakuutazama, alisema, asije akachanganyikiwa.

"Usimwambie kaka yako."

Nikasema, "Simwambii." Sijui nitaishika ahadi hiyo mpaka lini. Nimekwenda kuomba pasipoti, na nimeanza kupanda lifti ya jengo letu juu na chini bila shughuli, nikishika ukuta. Jina letu na namba ya simu nimeshona ndani ya mikoba yake yote. Amekwisha kuziona.

Mzee wa mazulia ameutundika tena msikiti wake, na viti vyetu viko palepale. Wateja wa mikoani wakiingia baada ya miezi mingi wanamkuta mama amekaa, wanamchangamkia: "Mama, umepotea sana!"

"Nimepotea kidogo, mwanangu," anawajibu. "Nipo."

Wao wanacheka, wanavuta kiti. Mimi naweka mkasi chini, namtazama usoni.