Pembe Mbili za Kanisa

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa tofali moja moja kichwani, mapadri walikuwa wakijenga kanisa kwenye kilima kidogo karibu na Rumonge. Zilikuwa enzi za Wadachi, yaani Wajerumani. Kila nyumba ya Wakristo ilitoa mtu wa kazi, na kwetu alikwenda mama, kwa kuwa baba alikuwa ameshafariki. Mama alikanyaga udongo, mimi nikabeba tofali, na jioni tulirudi tumechoka hata kula tukaona ni kazi nyingine.

Bibi, mama yake mama, hakulipenda kanisa lile. Sisi tulilala katika nyumba za mviringo, na wazee waliamini kwamba nyumba yenye pembe hukipa kifo mahali pa kujibanza. Alikuja mara moja tu, akazizunguka kuta zote akichungulia. Alipofika nyuma ya altare, ambako padri alitaka ukuta uende mviringo, akaridhika kidogo. "Hapa walau walifikiri," akasema. Kisha akamgeukia mama.

"Mwana wangu, iko pembe mbili kule mulangoni. Mutu mumoja atakufa kabla paa kupanda. Toka humu."

Mama alicheka. Lakini bibi akagoma kula siku mbili, na nani angeweza kushindana naye? Mama akamwomba nyampara kazi nyingine, naye akampeleka ziwani kukata matete ya kuezekea.

Alikata matete miezi mitatu. Jioni alirudi shingo na mikono imevimba kwa kuumwa na mbung'o, na bibi akampaka mawese huku akishukuru kwamba amemtoa kwenye zile kuta. Baadaye mama akaanza kusinzia mchana. Siku moja alilala na tonge mkononi.

Mimi ndiye niliyemshika mkono hadi kwa daktari wa Kidachi. Alimpapasa shingo, akaongea na mkalimani, naye mkalimani akanieleza: ni malale, na yanaletwa na mbung'o wa vichaka vya kandokando ya maji. Wakambakiza kwenye kambi ya wagonjwa. Alifia huko, na wiki iliyofuata matete aliyoyakata yalipandishwa juu ya kanisa.

"Yule muganga wa Wadachi alisema nini?" bibi akaniuliza.

"Hakujua, bibi."

"Mimi najua. Nilichelewa kumutoa."

Akaishi na neno hilo hadi alipokufa, akilirudia kila akiumwa, nami nikamwacha nalo. Lilimuuma, lakini lile jingine lingemuua.

Leo nimemzidi bibi umri aliokuwa nao siku ile. Katika kanisa lile nimeungama mengi, mengine ya aibu, ila uongo huu sijawahi kuuungama, maana sharti kwanza nijute. Nimechoka kuubeba, kusema kweli. Lakini bibi angeniuliza tena leo, ningemjibu vilevile kwamba daktari hakujua.