Rota Iliyopotea Kwenye Landrova ya Baba Mkwe

"Nipekue, Mama Imani! Nipekue hapa hapa majirani waone!"

Fundi Goodhope alikuwa amegeuza mifuko ya ovaroli nje, inaning'inia kama masikio ya mbuzi.

"Sikupekui. Toa rota."

"Nitoe wapi kitu ambacho sikukikuta?"

"Usinizingue, Goodhope. Nimeingia ndani kuepua maharage, nimetoka, kitu hakipo. Kimekwenda Mikumi kwa miguu?"

Majirani wa Kilosa hawangoji kualikwa. Vichwa vilikuwa vimeshajipanga juu ya michongoma.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Landrova ile ilikuwa ya baba mkwe, mstaafu wa reli. Ilikaa nyuma ya nyumba miaka tisa, haijawashwa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka wa pili, gari likabaki. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva.

Mimi nina diploma ya kilimo na sina aibu ya kuuza nyanya. Nilikuwa nimepata kazi ya kupeleka mboga kutoka Kisanga hadi jiko la kambi moja ya watalii Mikumi, kuanzia Jumatatu. Ilikuwa masika. Ukipakia nyanya kwenye bodaboda kwa barabara ile, unafikisha rojo.

Mume wangu Filipo, ambaye kazi yake iko Dodoma, akaniambia, "Likiwaka, lichukue."

Lakini kaka yake, Lupakisyo, alikuwa ameshaongea na watu wa chuma chakavu. Wanakuja Jumamosi saa sita mchana.

"Shemeji, ile ni maiti," akaniambia. "Usiisumbue."

"Na likiwaka kabla ya Jumamosi?"

"Haliwaki."

"Likiwaka je?"

Akageuka, akaondoka zake.

Nikaanza kumtilia shaka hapo hapo. Mtu asiyejua hata kubadilisha tairi, uhakika huo kautoa wapi?

Mama mkwe naye kila boneti ilipofunguliwa, alifunga dirisha la chumba chake. Nikasema ni majonzi, nikamwacha.

Nikamwita Goodhope. Ila mafundi nawajua. Spea za zamani ni mali. Unaleta gari na kabureta nzima, unaondoka na ya kwake mbovu. Kwa hiyo kila kilichofunguliwa nilikipiga picha na kukitia doa la rangi ya kucha, nyekundu. Nikaweka kiti, nikakaa.

"Mama, hata hospitali ndugu hawakai hivi," akanitania.

"Hospitali hawaibi plagi."

Siku ya kwanza alitoa plagi, akamimina oili kwenye matundu yake, akaiacha ilale humo ilainishe ndani. Siku ya pili akaizungusha injini kwa spana. Ikagoma, ikalia, kisha ikageuka taratibu kama mzee anayegeuka kitandani. Akaosha tangi, akafumua kabureta, akafufua breki, akafunga matairi ya kuazima.

Siku ya tatu, Alhamisi, akafunga betri. Injini inazunguka, lakini plagi hazitoi moto.

Nikasikia harufu ya maharage yanaungua. Nikakimbilia ndani.

Niliporudi, Goodhope alikuwa ameshika kifuniko cha distributa, kile chungu kidogo cheusi zinakotokea waya za plagi.

"Mama, rota haipo."

Rota ni kidude kinachoenea kiganjani. Ndicho kinachogawa moto kwa kila plagi. Kama hakipo, gari ni banda la kuku.

Nikalipuka, kama mlivyonikuta hapo juu.

Sikuishia hapo. Nilipanda bodaboda hadi kijiweni kwao, karibu na stendi. Nikasimama katikati ya mafundi na wateja wao.

"Mwenzenu Goodhope ni mwizi! Mwenye gari lake hapa ahesabu spea zake!"

Mwalimu mmoja aliyemwachia gari lake akanyoosha mkono, akaomba arudishiwe ufunguo. Nilimwona, na moyo wangu ukatulia kabisa.

Ijumaa asubuhi Lupakisyo akaja. "Shemeji, kijana wa watu hakuiba."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Basi! Picha ikakamilika. Fundi anatoa, shemeji anauza chuma, wanakutana pembeni. Nikawa natafuta tu maneno ya kumtolea.

Goodhope akaingia kuchukua vifaa vyake. Siku zote alinipa shikamoo yangu. Siku hiyo hakunipa.

"Kabla sijaondoka, njoo utazame."

Akainua kile kifuniko. Kibanio kimoja kilikuwa kimelegea, pamebaki mwanya. Ndani, kwenye kile kikonyo ambapo rota hukaa, palikuwa na utando wa buibui, mzito, umefubaa kwa vumbi. Na vifuko vya mayai vilivyokauka zamani.

"Huyu buibui ameanza ujenzi jana, wakati unaepua maharage?"

Nikafungua simu. Picha arobaini, na hata moja haina rota.

Lakini shaka haifi haraka. Nikamgeukia Lupakisyo. "Kumbe ni wewe! Tangu zamani! Umeliua gari la baba yako upate kuliuza!"

Akatazama chini. 

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe akatoka na kopo la poda mkononi.

"Mwache mwanangu. Niliitoa mimi."

Akafungua kopo. Rota ilikuwa ndani, imeviringishwa kwenye kitambaa.

"Mama, wewe na gari wapi na wapi?"

"Tukilala safarini, mume wangu alikuwa akiitoa ananipa niifunge kwenye pindo la kanga, wezi wasiondoke na gari. Naijua kuliko kukaanga yai."

Akakaa kwenye kiti changu.

"Macho yalimwishia. Mtu wa reli, anavuka reli bila kuiona. Watoto wake walimsihi aache kuendesha, akawafukuza. Siku moja alipita katikati ya watoto wanaotoka shule, wakarukia mtaroni. Hakugusa hata mmoja. Aliporudi akaniambia barabara ilikuwa tupu."



"Kesho yake nikaitoa. Kila asubuhi anakaa kwenye usukani, anazungusha ufunguo, ananiuliza, 'Mke wangu, nimelikosea nini?' Namwambia, limechoka tu. Amekufa anaamini hivyo. Lupakisyo alinikuta nayo mkononi siku ya mazishi. Amenifichia. Alijua likiwaka, watu watauliza lilikuwa na ugonjwa gani."

Kumbe nilichokiita tamaa kilikuwa mtoto anamsitiri mama yake.

Goodhope akaweka vifaa chini. "Shikamoo, bibi." Akaipokea rota kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu. Iweke."

Akaisugua kwa msasa, akaiweka. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Ya tatu Landrova ikanguruma, ikatoa wingu jeusi, kuku wakaruka hadi kwa jirani.

Mama mkwe aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale, mkono wote unatikisika na injini.

Lupakisyo akapiga simu. "Kesho msije. Gari ni zima."

Nikamfuata Goodhope. "Mwanangu, nisamehe."

"Hapa tuko wanne, mama. Kule ulikonitangaza walikuwa wangapi?"

Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeniambia niyaandike haya, nami nawaambia nilichojifunza: shaka imewekwa ikufanye utazame, isikufanye kipofu. Na ukimchafua mtu hadharani, kumsafishia uvunguni hakutoshi.

"Panda," nikamwambia.

Nikaendesha kwa gia ya pili hadi kijiweni. Sikuzima injini. Nikasimama kwenye ngazi ya mlango, waliokuwa wananywa chai wakashusha vikombe.

"Jana nilisema hapa Goodhope ni mwizi. Nilikosea. Rota ilikuwa nyumbani kwetu miaka yote. Kijana huyu hana doa, na gari mnalolisikia amelifufua yeye."

"Nani aliificha?" mmoja akadakia.

"Ya nyumbani kwangu hayakuhusu. Nipeni namba ya yule mwalimu aliyechukua ufunguo."

Wakanipa. Nikampigia pale pale, sauti juu, kijiwe kizima kikisikiliza.