Chumba cha Mbele Chenye Roshani

Aibu hii naitoa mwenyewe leo, maana kila nikiingia harusini hapa Timbwani kuna mtu humwinamia mwenzake akamnong'oneza, nami najua anachonong'ona, na nusu yake ni chumvi ya Mwanakombo. Moto haukuwako. Hilo tuelewane kabla sijaendelea. Kulikuwa na moshi tu, na moshi wenyewe ulikuwa wa udi mzuri.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na ndugu yangu Athmani, kitinda mimba wetu, alikuwa akifanya kazi kwenye meli moja ya watalii iliyotoka Kilindini kwenda Unguja na kurudi. Alianza kwa kuosha sahani, akapanda hadi kutandika vyumba, na mwaka ule ndiye aliyetajwa kupewa usimamizi wa sitaha nzima ya juu (majirani wote walilijua hilo, nilihakikisha). Ulikuwa msimu wa mvua, watalii wachache, meli inakwenda nusu tupu, basi kila mfanyakazi akaruhusiwa kumchukua jamaa yake mmoja, safari ya siku tatu. Mama alisema miguu yake haiwezi ngazi. Mimi nikasema yangu yaweza.

Athmani akaja na ramani ya meli, akaikunjua juu ya mkeka uani kwa mama. "Dada, chukua hiki cha chini, katikati. Hakisukwisukwi, utalala kama mtoto." Nikamuuliza kama kina dirisha, akasema hakina. Nikakitazama kile kisanduku kidogo kwenye karatasi, nikajiona nimekunjwa humo kama nguo ya Idi, nikapeleka kidole mpaka kwenye pua ya meli.

"Na hivi?"

"Hivyo ni vya wakubwa, dada. Viwili tu. Vina sebule, na roshani yatazama mbele, juu yake ndipo anaposimama nahodha."

"Basi hicho."

"Huko mbele kuna upepo."

"Mimi wanitisha na upepo wa bahari? Nimezaliwa wapi mimi?"

Ngoja niwaambie ukweli wangu. Mimi ni fundi cherehani, na miaka ishirini nilikuwa nimewashonea watu nguo za kusafiria, wakaenda Maka, wakaenda Dubai, wakarudi wamenona, nami nikabaki na vipande vya vitambaa chini ya meza. Meli ikitoka Kilindini haina njia ila kupita pale kwenye feri, kisha mbele ya ufuo wetu, na aliyekaa kwenye roshani ya mbele ndiye wa kwanza kuonekana. Nilitaka nionekane, jamani. Sioni haya kusema.

Nikawatangazia watu wakae ufuoni alasiri, nitapunga leso nyekundu. Mwanakombo, jirani yangu (mumewe alimpeleka Dubai mara moja, na tangu siku hiyo hatujapumua), akacheka puani. "Tutakachoona ni meli, si wewe." Lakini mama akaniuliza kwa upole kama kweli kwa macho yake yasiyoona mbali ataweza kunitambua, nikamwambia nitapunga mpaka anione.

Athmani alikwenda kuniombea kile chumba, akapewa kwa kutia sahihi kwamba mgeni wake akivunja sheria yoyote, aliyevunja ni yeye. Siku ya safari akanifungulia mlango, akasimama mbele yangu na ile sare yake nyeupe. "Dada, nimekudhamini. Ule usimamizi watautangaza tukirudi. Chumbani hakuna kupika, hakuna moto, hata kiberiti usiwashe. Wanisikia?" Nikamwambia nimesikia, na wallahi nilikuwa nimesikia.

Chumba kilikuwa chumba! Zulia la kuzamisha mguu, kitanda cha watu wanne, kioo ukutani, na nje roshani pana yenye viti viwili. Kasoro yake ilikuwa harufu. Kilinuka sigara za mtu aliyekwisha kushuka, na mashuka yale yamelaliwa na nani, Mungu ndiye ajuaye. Sasa mimi nilivyolelewa, chumba kigeni hulali kabla hujakifukiza, na ndani ya kikapu changu, chini ya mahamri, nilikuwa na chetezo, makaa, na kopo la udi nilioupika mwenyewe kwa sukari na mawaridi. Nikakumbuka maneno ya Athmani. Nikayapima. Alisema chumbani, na roshani si chumbani (niliona hoja hii hata kadhi angenipitishia).

Meli bado imefungwa bandarini, hewa imetulia, makaa yakashika vizuri. Nikatia udi kidogo. Nikaona chumba ni kikubwa, nikatia mwingine. Ndipo honi ikalia, meli ikang'oka, ikageuza pua kuelekea bahari kuu, na ule upepo niliouchezea kule uani ukanijia wote kwa pamoja. Moshi ukageuka ukaingia chumbani kama umealikwa. Nikashika leso yangu nyekundu, nikasimama pale roshani nikawa napepea, napepea kwa mikono miwili, na kadiri ninavyopepea ndivyo makaa yanavyozidi kuwaka. Mwisho nikafanya ambacho mtu yeyote angefanya nyumbani kwake, nikakimbia kufungua mlango wa upande wa pili ili moshi upate pa kutokea. Ukapata. Ukatokea kwenye korido ndefu ya meli, na king'ora kikaanza.

Sijapata kusikia kitu kama kile. Kengele, filimbi, mtu anatangaza kwa lugha tatu na katika zote ana wasiwasi. Mabaharia wawili wakaingia na mpira wa maji, hawakuuliza habari wala shikamoo, wakamwagia chetezo, wakamwagia zulia, wakanimwagia na mimi. Nikavishwa jaketi la uokozi la rangi ya chungwa juu ya buibui lililolowa, nikatolewa ubavuni mwa meli walikokusanywa Wazungu, mmoja ana taulo tu, na wote wananinusa. Na meli, jamani, ilikuwa imepunguza mwendo mpaka ikawa kama imesimama, pale pale kwenye feri, feri mbili zimezuiwa huku na huku zimejaa watu na magari, na mbele kidogo ufuo wa Timbwani umejipanga mtaa wetu mzima. Niliomba nionekane, nikaonekana.

Nahodha akashuka, Mgiriki mnene, uso umemwiva. Akauliza kile chumba dhamana yake ni nani. Athmani akasonga mbele akasema ni yeye, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto niliyembeba mgongoni. Nikamvuta nyuma kwa mkono wa sare.

"Mwambie alinikataza. Mwambie amenikataza kwa kinywa chake, nikawasha mimi. Na utafsiri sawasawa, usinipunguzie."

Akatafsiri, masikio yamemshuka. Nahodha akanitazama, akaitazama saa yake, akauliza kama abiria wa sitaha ya juu wamehesabiwa. Athmani akamjibu wote wako, na kweli wote walikuwako, maana king'ora kilipolia alikuwa amegonga kila mlango, akamtoa hata yule wa taulo bafuni. Nahodha akanena maneno mawili matatu akaenda zake. Nikauliza amesemaje.

"Asema hajaona sitaha ikatoka upesi hivi hata siku ya mazoezi," Athmani akanijibu bila kunitazama. "Na asema wewe uhamishiwe kile chumba cha chini, katikati."

Nikaenda Unguja na kurudi nikilala ndani ya kisanduku kisicho na dirisha. Hakikusukwasukwa, Athmani haki yake nimpe. Na tuliporudi usimamizi akatangaziwa Athmani, nikalia gatini mbele za watu kuliko nilivyolia siku ya king'ora.

Basi nimeapa. Chumba cha mbele sichagui tena, hata nikipewa bure na nahodha mwenyewe, na chetezo changu hakivuki kizingiti.

Lakini tulipofika nyumbani mama alikuwa ametusubiri mlangoni. Akanishika uso. "Nalikuona, mwanangu, kwa mato yangu haya. Ulipunga leso hata nikakuonea huruma mikono. Kisha Athmani akawaamba wasimamishe meli nikutazame vyema." Nikamtazama Athmani, Athmani akatazama mkeka. Nikasema ndiyo, mama.

Mwanakombo hakuweza kuvumilia, akaja siku ya pili kumweleza mama kisa kilivyokuwa, moshi, maji na jaketi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akampa kahawa, akamuuliza, "Na wewe ulipokwenda Dubai, ndege ilisimama?"